Kuombwa Uwe Ulivyozaliwa: Kisa cha Wayahudi wa Nabugoye

Februari 2002, kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, kilipokea wageni waliokuja na kazi nzito. Walikuwa marabi wa Konsavativu, mmoja wa mikondo ya Uyahudi, kutoka Marekani na Israeli. Walikuja kuketi kama baraza la kidini, ambalo Wayahudi huliita bet din, wawahoji wanajumuiya wa Kiyahudi wa kilima hicho na kuwapokea rasmi katika Uyahudi. Waliosimama mbele ya baraza hilo walikuwa wazee kwa vijana, na wengi wao walikuwa wamezaliwa na baba Myahudi na mama Myahudi, wameshika Sabato tangu wakibebwa mgongoni, na hawakuwahi kuwa na dini nyingine yoyote. Kwa macho ya sheria ya dini yao wenyewe, hao walikuwa watu wanaobisha hodi kwa mara ya kwanza.

Hicho ndicho kisa ninachotaka tukichambue. Jumuiya iliyojiita ya Kiyahudi kwa zaidi ya miaka 80, iliyopoteza karibu watu wake wote wakati wa Idi Amin kwa sababu ya jina hilo, inaambiwa ipite mlangoni upya kama mgeni. Zaidi ya watu mia tatu walikubali. Wengine walikataa, na mpaka leo wana sababu zao. Je, waliokubali walifanya vyema?

Naamini walifanya vyema. Lakini sababu yangu si ile inayotajwa mara nyingi, kwamba walipata kutambuliwa na Wayahudi wa dunia. Tutaona hapa chini kwamba kutambuliwa kwenyewe kulikuwa na mipaka. Ninachokiona mimi ni kwamba historia nzima ya watu hawa imesimama juu ya jambo moja, nalo ni nani anamfundisha mtoto. Kila walipopata mwalimu walisimama, kila walipomkosa walipungua, na tendo la 2002 liliwafungulia njia ya kupata mwalimu wa kwao.

Turudi mwanzo. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Alitarajia angefanywa mtawala wa nchi aliyoipigania. Waingereza wakamfanya chifu chini yao, na mamlaka yake yakazidi kukatwa kidogo kidogo. Akajitenga nao. Kwanza akajiunga na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo ya Uganda yaliyokataa dawa za hospitali. Alikuwa akiisoma Biblia ya Kiluganda kwa bidii, hasa vitabu vya Musa, na akafika mahali pa kusema kwamba agizo la tohara alilopewa Ibrahimu halijafutwa. Simulizi ya jumuiya inasema wenzake Wamalaki walimpinga wakidai tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akaanzisha jumuiya yake. Kwa Kiluganda watu wake waliitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda.

Hakuwa na rabi wa kumwongoza, na hakuwa amewahi kuishi na Wayahudi. Alichokuwa nacho ni kitabu. Mwanzoni jumuiya yake ilichanganya mambo, na baadhi ya desturi za Kikristo ziliendelea kuwamo. Mwaka 1920 akafika Myahudi wa kigeni anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef, akakaa nao kama miezi sita. Aliwafundisha kalenda, wakajua Pasaka inaangukia lini, Siku ya Upatanisho lini, Sikukuu ya Vibanda lini. Aliwafundisha sheria za chakula na za kuchinja. Alipoondoka, Kakungulu alifungua shule ya kuyarithisha mafunzo yale, na mwaka 1922 alikuwa ameshatoa kitabu cha kurasa 90 cha sheria na sala kwa Kiluganda.

Naomba tusipite hapa haraka. Miezi sita ni muda mfupi kuliko mihula miwili ya shule ya msingi. Kwa mafunzo ya muda huo, yaliyoandikwa na kukaririwa, jumuiya iliishi kwa miongo minne bila mwalimu mwingine wa namna hiyo. Watu wanaouliza kama Uyahudi wa Abayudaya ni wa kweli husahau kupima jambo hili: uzito wa kufundishana wenyewe kwa wenyewe, baba kwa mwana, kitu ambacho hakuna mtu wa nje aliyekikagua wala kukilipia.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jumuiya ikagawanyika, sehemu ikarudi kwenye Ukristo wa Kimalaki. Waliobaki walikutana na tatizo ambalo kila msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa bila kuelezwa sana: shule zilikuwa za misheni. Mtoto aliyetaka kusoma alitakiwa abatizwe, au walau afuate ibada za shule. Mzazi wa Kiyahudi kule Mbale alikuwa na njia mbili. Amnyime mtoto elimu, au ampeleke shule na kukubali kwamba huenda asirudi kwenye dini ya nyumbani. Hakuna aliyekuja na upanga, lakini njia hii iliwatoa watu wengi. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hawa malezi ya mchana yote yalikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, Mwisraeli aitwaye Arye Oded, aliyekuja kusoma Makerere na baadaye akawa mwanadiplomasia, alikutana na Samson Mugombe, aliyekuwa kiongozi wao. Uhusiano na Israeli ukaanza kuchipua. Haukudumu. Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli, na baadaye akapiga marufuku Uyahudi nchini. Masinagogi yalifungwa na mengine kubomolewa. Wengi walihamia Uislamu au Ukristo ili wasalimike. Jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na wapatao 300, waliosali kwa siri. Gershom Sizomu, ambaye tutamrudia, alikuwa mtoto wakati huo. Amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa baada ya familia kutoa mbuzi.

Kibanda cha sikukuu ni nini hasa? Ni miti michache na majani juu, kitu ambacho mkulima yeyote anakijenga shambani kwake kujikinga na jua. Mtu alikamatwa kwa hicho. Na bado mwaka uliofuata wapo waliohesabu kalenda ile ile ya Yosef na kujua siku imefika.

Utawala wa Amin uliangushwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Sisi Watanzania tunaikumbuka tarehe hiyo kwa Vita vya Kagera, kwa vijana wetu wa JWTZ walioingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda. Kwa Abayudaya jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka, usiku ambao Wayahudi popote walipo husimulia walivyotolewa utumwani Misri. Nimewahi kusoma habari nyingi za vita vile, na sijui nyingine inayonigusa kama hii: askari wetu walikuwa wakimtoa Farao wa watu ambao pengine hawakujua hata kwamba wapo.

Baada ya hapo wangeweza kufifia polepole. Walikuwa wachache, maskini, wazee wengi wamekufa, na uhuru wa kusali uliporudi karibu hapakuwa na wa kusali. Kilichowaokoa ni vijana. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, akiwamo Joab Jonadab Keki na mdogo wake Gershom Sizomu, walikwenda kuishi pamoja Nabugoye, mahali alipokuwa ameanzia Kakungulu, wakalima pamoja, wakala pamoja, wakajifunza Kiebrania kwa vitabu walivyovipata. Waliita mpango wao kibbutz, kwa mfano wa vijiji vya ujamaa vya Israeli. Sinagogi ya Musa ikasimamishwa tena kilimani.

Na walitunga nyimbo. Zaburi na sala za Sabato walizitia sauti za nyumbani, kwa Kiluganda na Kiebrania, zikaimbwa na gitaa na ngoma siku ya Ijumaa jioni. Nyimbo hizo zilitolewa kwenye albamu ya Smithsonian Folkways mwaka 2003. Naitaja kwa sababu wengi huiona kama burudani ya watalii, na huo ni upungufu wa kuelewa. Jumuiya isiyo na vitabu vya kutosha huhifadhi sala zake kwenye wimbo. Mtoto wa miaka minne hawezi kusoma Kiebrania, lakini anaweza kuimba, na akishaimba mara hamsini maneno yamekaa. Hiyo ni shule kama shule nyingine.

Katika miaka ya 1990 wageni wakaanza kufika kwa wingi. Mwaka 1995 ulikuja ujumbe wa Kulanu, shirika la Marekani linalosaidia jumuiya za Kiyahudi zilizo mbali. Vikaja vitabu vya sala, vikaja vyombo vya ibada, zikaja barua. Na pamoja na mapenzi hayo likaja swali lisilokwepeka.

Sheria ya Kiyahudi inasema Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe unataka baraza la watu watatu, mafunzo na kukubali amri, tohara kwa wanaume, na kuzama kwenye maji ya mikve, yaani birika la kuzamia kidini, au ya asili kama mto. Mwanamume aliyekwisha tahiriwa hutolewa tone moja la damu. Kakungulu hakupita kwenye baraza lolote. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, mnyororo haukuwa na pete ya kwanza, na kila aliyezaliwa baadaye alizaliwa nje.

Ukiwa upande wa Abayudaya hoja inageuka. Baba yangu alikamatwa na serikali kwa kuwa Myahudi. Bibi yangu alizikwa Myahudi. Leo naambiwa nizame majini ili niwe Myahudi. Basi bibi yangu alikuwa nani? Sioni jibu jepesi kwa swali hilo, na simwamini anayelijibu haraka. Kukubali kulikuwa na hatari ya kuwakana waliotangulia.

Walichofanya viongozi wa Nabugoye ni kulitenganisha tendo na maana yake. Walilipokea kama uthibitisho. Hawakusema kwamba mpaka Januari 2002 hawakuwa Wayahudi. Walisema kwamba Uyahudi una watu wengi duniani na sheria inayowaunganisha, na kwamba wao wanakubali kuingia kwenye sheria hiyo ya pamoja kwa mlango ambao wengine wote wanautambua. Kuna tofauti kubwa kati ya kuolewa na kuandikisha ndoa. Wazee waliokaa pamoja miaka 30 wakaenda kuandikisha ndoa yao hawasemi kwamba watoto wao wote ni wa nje ya ndoa.

Wengine hawakuridhika, na hawa tusiwadharau. Katika kijiji cha Putti lilijitenga kundi lililosema: kama ni kuthibitishwa, tuthibitishwe na Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, ambao hukumu yao haikataliwi na mkondo wowote. Hawakukataa kwa kiburi. Walifanya hesabu. Marabi wa Kiorthodoksi hawautambui uongofu wa Konsavativu, na serikali ya Israeli katika mambo ya ndoa na dini hufuata marabi wa Kiorthodoksi. Mtu wa Putti aliona kwamba atavuliwa nguo mara mbili kwa jambo lile lile, akaona heri angoje. Gharama yake ilikuwa kungoja kwa miaka mingi, na jumuiya ndogo kugawanyika. Mgawanyiko huo hugusa hata ibada ya kila siku. Sala ya pamoja inataka watu wazima kumi. Makusanyiko mengi ya Konsavativu huhesabu wanawake katika kumi hao. Waorthodoksi huhesabu wanaume tu. Kijiji chenye familia chache kinapojitenga, kumi hao hutafutwa kwa taabu.

Hapa ndipo naweka hukumu yangu. Aliyengoja Putti alilinda thamani ya hati. Waliokubali Nabugoye walipata nafasi ya masomo. Mwaka uliofuata, 2003, Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi katika chuo cha Ziegler cha mkondo wa Konsavativu, akakaa miaka mitano, akawekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008. Siamini kwamba mlango huo ungefunguka bila tendo la 2002. Na alirudi. Kwa mtu aliyekaa Marekani miaka mitano, kurudi kilimani Mbale halikuwa jambo la lazima. Mwaka huo huo wa 2008 aliketi yeye mwenyewe kwenye baraza lililowapokea watu wapatao 250, baadhi yao kutoka nje ya Uganda. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu wageni waje na baraza lao. Sasa kiti cha kuuliza maswali kilikuwa na mtu anayemhoji mwombaji kwa Kiluganda, anayejua shamba lake liko wapi na babu yake alikuwa nani.

Sehemu ya pili ya jibu ni shule za kawaida, na kwangu ndiyo iliyo kubwa zaidi. Jumuiya ina shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu. Mtoto wa Kiyahudi anasoma bila kudaiwa dini yake mlangoni. Jumamosi hatakiwi darasani. Anajifunza Kiebrania kidogo na sikukuu zake, pamoja na hesabu na sayansi za mtaala wa Uganda. Lile shimo lililowameza watu tangu enzi ya mkoloni limezibwa.

Kilichonivutia zaidi ni nani mwingine anasoma humo. Wakristo na Waislamu wanasoma humo pamoja nao. Watu walionyimwa elimu kwa sababu ya dini walipopata uwezo wa kujenga shule wangeweza kuifunga kwa watu wao tu, na wangekuwa na udhuru. Hawakufanya hivyo. Moyo huo huo umo kwenye ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa uongozi wa Keki kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Keki alikuwa New York siku ya Septemba 11, 2001, akaona alichokiona, akarudi nyumbani na kuwaita majirani zake Waislamu na Wakristo wauze kahawa pamoja na Wayahudi. Kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale, kilichofunguliwa 2010, nacho humtibu yeyote. Sioni ajabu kwamba mwaka 2016 wapigakura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi hata kidogo, walimchagua Rabi Sizomu kuwa mbunge wao.

Mwaka huo huo wa 2016 sinagogi mpya, ya Stern, ilifunguliwa Nabugoye. Na mwaka huo Wakala wa Kiyahudi, taasisi inayoshughulikia wanaohamia Israeli, uliitambua jumuiya.

Kisha ikaja 2018. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia mwanajumuiya mmoja aliyeomba kuhamia huko kwa Sheria ya Kurejea, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia Israeli, na ikasema haiwatambui Abayudaya kwa madhumuni ya sheria hiyo. Marabi wa Konsavativu waliona wamedharauliwa pamoja na Abayudaya, kwa kuwa uongofu uliokataliwa ulikuwa wao. Mtu wa Putti angeweza kusema: si nilisema?

Angekuwa na haki ya kusema hivyo kuhusu hati. Lakini tupime kilichobadilika Nabugoye siku uamuzi ule ulipotoka. Rabi hakupoteza elimu yake. Shule haikufungwa. Ijumaa jua lilipozama, wimbo ulikuwa ule ule. Jumuiya iliyoegemeza kila kitu kwenye kutambuliwa na serikali ya mbali ingeyumba mwaka 2018. Hii ilikuwa imeegemea mahali pengine tangu Kakungulu alipofungua ile shule yake ya kwanza kwa mafunzo ya miezi sita.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Abayudaya sasa wanakadiriwa kuwa watu 2,000 au zaidi, wametawanyika katika vijiji kadhaa, kuanzia Nabugoye na Namanyonyi hadi Namutumba, safari ndefu kwa asiye na gari, na Sabato hairuhusu kusafiri. Kila kijiji kinahitaji mtu anayeweza kuongoza sala, kusoma Torati kwa Kiebrania na kuieleza kwa lugha ya nyumbani, kuchinja kwa sheria, kumwandaa kijana wa miaka 13 kusimama mbele ya watu kusoma kwa mara ya kwanza. Rabi mmoja hawezi kuwa kila mahali Jumamosi asubuhi. Kakungulu alimtegemea Yosef mmoja, na alipokufa Kakungulu nusu ya kazi ilianguka. Sizomu ana wanafunzi wake pale kilimani. Ningependa kuona walau wawili au watatu kati yao wakipewa miaka mitano ile ile aliyopewa yeye, na wakirudi.

Wakati huo huo kazi inaendelea kwa mikono iliyopo. Jumamosi asubuhi katika baadhi ya vijiji watu bado wanavua viatu mlangoni mwa sinagogi, kama walivyoanza wazee wao, wanaingia, na anayeweza kusoma anasoma.